Mia na Mbili za Wapi? Mbinu za Kusoma Joto kwa Skeli Yoyote

Julai ya Mbinga haina utani. Mpaka saa nne asubuhi watu bado wako ndani ya masweta, na jiko la mkaa lina wageni wengi kuliko sebule. Asubuhi moja ya namna hiyo shangazi yangu alikuwa amebandika maharage, simu ikaita. Alikuwa binti wa kaka yake, anayeishi Minnesota, Marekani, ambako wakati huo ulikuwa usiku wa manane.

“Shikamoo shangazi. Mtoto anachemka tangu jana. Nimempima sasa hivi, ana mia na mbili.”

Shangazi akasahau hata kuitikia marahaba. Akaitazama simu, akaitazama sufuria. “Mia na mbili? Mwanangu, hata haya maharage yangu hayajafika huko!”

Kicheko kilikuja siku mbili baadaye, mtoto alipopona. Pale jikoni hakuna aliyecheka, maana kila aliyepita shule ya msingi anajua kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mia na mbili ya Minnesota ilikuwa ya Farenhaiti. Kwa Selsiasi, skeli tunayoitumia sisi, ni 38.9: homa kweli, ya kumpeleka mtoto kwa daktari, lakini si miujiza.

Naye shangazi alikuwa amesema kweli kuliko alivyodhani. Maharage yake yasingefika 102, na yasingefika hata 100. Kwa mwinuko wa Mbinga maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi, na ukiongeza mkaa unaongeza mvuke tu. Ndani ya jiko moja, asubuhi moja, tulikuwa na namba mbili ambazo kila mtu alizijua na hakuna aliyezihoji. Mbinu zinazofuata ni za kuzihoji.

Maswali mawili kabla ya hesabu

Skeli yoyote ya joto iulize mambo mawili: inaanza kuhesabu kutoka wapi, na hatua yake moja ina ukubwa gani? Ukishapata majibu, hesabu yenyewe ni ndogo. Tena kazi hii tunaifanya kila siku bila kujua.

Chukua fedha. Ng'ambo ya Mbamba Bay ni Malawi, na mfanyabiashara wa mwambao hashangai akitajiwa bei kwa kwacha. Thamani ya kwacha hupanda na kushuka, lakini asiye na shilingi hata moja hana hata kwacha moja. Sifuri ya huku ndiyo sifuri ya kule. Kilichotofautiana ni ukubwa wa hatua peke yake, kwa hiyo kubadili fedha ni kuzidisha au kugawanya, basi.

Sasa chukua saa. Tiketi ya ndege imeandikwa 08:00, wewe unamwambia dereva wa bodaboda akufuate mapema kwa sababu safari ni saa mbili. Saa ya Kizungu ina dakika sitini sawa na ya Kiswahili, hatua ni zile zile. Kilichotofautiana ni mwanzo: sisi twahesabu tangu jua lichomoze, wao tangu usiku wa manane. Kwa hiyo kubadili saa ni kujumlisha sita au kutoa sita.

Selsiasi na Kelvini wanahusiana kama saa hizo mbili: hatua moja, mwanzo tofauti. Selsiasi na Farenhaiti wametofautiana kote kuwili, hatua kama fedha na mwanzo kama saa. Ndiyo sababu hapo inabidi kuzidisha na kujumlisha pia. Karibu kila kosa la kubadili nyuzi hutokana na kusahau moja kati ya hayo mawili, au kulifanya mahali lisipohitajika.

Waliozichora alama

Daniel Gabriel Fahrenheit, fundi wa vipimajoto aliyezaliwa Danzig (leo Gdańsk, Poland) na kufanya kazi Uholanzi, alitangaza skeli yake mwaka 1724. Sifuri aliiweka kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi, baridi kali kuliko ya barafu tupu. Barafu na maji matupu vikaangukia 32, na mwili wa mtu mzima wa afya ukawa 96. Baadaye skeli ilirekebishwa ili maji yachemke kwenye 212, na mwili ukasogea hadi 98.6, namba ambayo mama wa Kimarekani anaijua kama wewe unavyoijua 37.

Anders Celsius, mwanaastronomia wa Uppsala, Sweden, alileta yake mwaka 1742. Aligawa safari ya kutoka barafu hadi maji yanayochemka katika hatua 100, ila aliipanga kichwa chini miguu juu: 0 ilikuwa kuchemka, 100 kuganda. Alifariki mwaka 1744, na wenzake wakaigeuza kuwa hii tuliyonayo.

Wa tatu ni William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Mwaka 1848 alipendekeza skeli inayoanzia kwenye baridi ambayo chini yake hakuna baridi nyingine. Mahali hapo ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Kelvini haiandikwi kwa alama ya nyuzi. Ni K tupu. Ukidhani haikuhusu, ingia duka lolote la vifaa vya umeme Mbinga mjini ukasome boksi la taa ya LED. Zile taa nyeupe zimeandikwa 6500K, na zenye mwanga wa njano 3000K. Hiyo K ni Kelvini: inataja rangi ya mwanga kwa kuilinganisha na mwanga wa kitu kilichopashwa moto kufikia joto hilo. Taa yenyewe haina joto kama hilo.

Mbinu ya 1: Itambue skeli kabla hujabadili

Kwa joto la mwili kuna bahati nzuri: namba za skeli mbili hazikutani. Mtu aliye hai, mzima au mwenye homa, huwa kati ya 35 na 42 kwa Selsiasi, au kati ya 95 na 108 kwa Farenhaiti. Ukiona 98 kwenye kipimajoto cha homa, hujaona maajabu, umeona Farenhaiti. Vipimajoto vingi vya kidijitali vya duka la dawa vinaweza kuonyesha skeli zote mbili, na kwa vingine kubadili ni kubonyeza kitufe na kukishikilia sekunde chache. Mtoto akikichezea kinaweza kuhama bila wewe kujua. Kabla ya kusoma namba, soma herufi ndogo iliyo pembeni: C au F.

Kwa hali ya hewa, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia Selsiasi, na majirani zetu wote vivyo hivyo. Farenhaiti utaisikia kutoka Marekani na nchi chache ndogo, na utaikuta katika vitabu na rekodi za enzi ya Mwingereza. Ukisoma mzee fulani aliandika kwamba mchana wa ufukweni ulikuwa 86, usidhani dunia imepoa tangu hapo. Hiyo ni 30 yetu.

Hatari zaidi ni friji, maana huko namba za skeli zote mbili ni ndogo na zinafanana. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, yaani 35.6 hadi 46.4 za Farenhaiti. Friji yenye kipimo cha Farenhaiti ikionyesha 36, iko salama. Mtu asiyejua akiona 36 atadhani imekufa, ataishusha mpaka aone 5. Tano ya Farenhaiti ni nyuzi 15 chini ya sifuri yetu, na chanjo kama ya homa ya ini aina ya B ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikarudi kuonekana nzima. Kwa friji, kosa la kusoma herufi moja linamwaga boksi zima.

Mbinu ya 2: Kutoka Selsiasi kwenda Farenhaiti

Kanuni ya shule ni kuzidisha kwa 1.8 kisha kujumlisha 32. Kichwani fanya hivi:

1. Zidisha namba kwa mbili.
2. Toa sehemu ya kumi ya jibu ulilopata.
3. Jumlisha 32.

Jaribu kwa 37. Mara mbili ni 74. Sehemu ya kumi ya 74 ni 7.4, ukiitoa inabaki 66.6. Jumlisha 32: 98.6. Hayo si makadirio, ni jibu kamili, na hukuhitaji kalamu.

Mbinu ya 3: Kutoka Farenhaiti kwenda Selsiasi

Hapa unarudi kwa njia uliyoendea, ukianza na jambo la mwisho:

1. Toa 32.
2. Gawa kwa mbili.
3. Ongeza sehemu ya kumi ya jibu, kisha sehemu ya mia.

Mjukuu wa Minnesota: 102 toa 32 ni 70. Nusu yake 35. Ongeza 3.5 inakuwa 38.5. Ongeza 0.35 inakuwa 38.85. Jibu la mashine ni 38.89. Kwa homa hiyo inatosha kabisa.

Kosa linalopendwa ni kugawa kwanza, kisha kutoa 32. Anayefanya hivyo atapata 102 gawa kwa 1.8 ni 56.7, toa 32 ni 24.7, mtoto baridi kuliko maji ya ziwa. Jibu likichekesha hivyo, rudi mwanzo.

Kwa kutoka Selsiasi kwenda Farenhaiti kuna njia ya mkato inayozunguka sana: zidisha kwa mbili, jumlisha 30. Kwa hali ya hewa inasaidia. Ukisikia Songea ni 20, utapata 70, na ukweli ni 68. Nani atavaa tofauti kwa ajili ya nyuzi mbili? Lakini iweke mbali na mgonjwa. Kwa 39 itakupa 108, wakati ukweli ni 102.2. Mkato huo uko sawasawa kwenye nyuzi 10 tu, na kadiri unavyopanda unazidi kudanganya.

Mbinu ya 4: Ngazi ya tano na tisa

Asiyependa hesabu akariri ngazi. Kila ukipanda hatua 5 za Selsiasi, Farenhaiti hupanda 9. Anza kwenye barafu:

- 0 ni 32: maji yanaganda
- 5 ni 41: ndani ya friji
- 10 ni 50: alfajiri ya baridi kali milimani Umatengo, upande wa Mbinga
- 15 ni 59: asubuhi ya sweta
- 20 ni 68: hali ya hewa inayoupendeza mti wa kahawa
- 25 ni 77: mchana wa kawaida
- 30 ni 86: mchana wa Mbamba Bay, watu wamekaa chini ya mwembe
- 35 ni 95: joto la kulalamikiwa
- 40 ni 104: homa kali

Pia zipo jozi za kugeuza tarakimu: 16 ni karibu 61, na 28 ni karibu 82. Ukizikumbuka hizo mbili umeshika karibu mwaka wote wa Ruvuma, kuanzia baridi ya kipupwe mpaka joto la kabla ya mvua.

Skeli hizi mbili hukutana mahali pamoja tu: nyuzi 40 chini ya sifuri. Hapo ukisema Selsiasi au Farenhaiti ni mamoja. Kaskazini mwa Minnesota baridi huweza kufika huko. Sisi tuendelee kulalamikia Julai yetu.

Mbinu ya 5: Tofauti haihitaji 32

Hapa hata wenye simu nzuri hukosea. Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za barabara, na kwa sehemu kubwa unashuka. Mbinga iko kwenye mita 1,300 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye mita 475 hivi. Joto huongezeka kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kila ukishuka mita 1,000. Kwa hiyo aliyepanda gari Mbinga amejifunga koti atalivua njiani, na akifika ziwani atakuta tofauti ya nyuzi 5 au 6 za Selsiasi.

Sasa tofauti hiyo umweleze Mmarekani. Ukiandika 6 kwenye simu ikubadilishie, itakupa 42.8. Ukimwambia Mbamba Bay imezidi Mbinga kwa nyuzi 43, atafikiri ufukweni mnakaanga samaki juu ya mchanga. Simu haikukosea: imebadili joto la nyuzi 6, nawe uliulizia pengo la nyuzi 6. Pengo halina mwanzo, kwa hiyo 32 haina kazi. Zidisha kwa 1.8 tu: 6 mara 1.8 ni 10.8, yaani nyuzi 11 hivi za Farenhaiti.

Ziwa lenyewe lina mfano mzuri zaidi. Msimu wa joto maji ya juu hufika nyuzi 28, na kule chini kabisa, kwenye kina kinachofika mita 700, yako kwenye 23 hivi mwaka mzima. Pengo ni nyuzi 5 za Selsiasi, au 9 za Farenhaiti. Ni dogo, lakini linatosha kuyafanya maji mepesi ya juu yaelee juu ya mazito ya chini, ndiyo maana tabaka la chini halina oksijeni na samaki tunaowala huishi tabaka la juu. Anayesema pengo hilo ni 41 amelieleza ziwa lisilokuwepo duniani.

Ukisikia habari za mabadiliko ya tabianchi na lile lengo la nyuzi 1.5 la Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, kumbuka kanuni hii. Kwa Farenhaiti ni 2.7, si 34.7. Na kwa Kelvini? Ni 1.5 ile ile, maana hatua zao ni sawa.

Mbinu ya 6: Usiseme “mara mbili ya joto”

Asubuhi ilikuwa 15, mchana 30. Je, mchana una joto mara mbili ya asubuhi? Rudi kwenye saa. Je, saa nne asubuhi ni mara mbili ya saa mbili? Kwa Kizungu saa hizo ni 10 na 8, na “mara mbili” imeyeyuka. Namba zenye mwanzo wa kuchagua haziwezi kusema mara ngapi. Kwa Farenhaiti asubuhi ile ni 59 na mchana 86, hata mara moja na nusu haifiki.

Kati ya skeli hizi tatu, Kelvini peke yake ndiyo yenye sifuri ya kweli, kama fedha: asiyenacho hana. Ongeza 273 kwenye zote mbili: 288 na 303. Mchana umezidi asubuhi kwa sehemu tano tu katika mia. Mwanafunzi wa sekondari anayepiga hesabu za gesi akisahau kuongeza 273, ndilo kosa analolifanya.

Mbinu ya 7: Pima maji ya kwako, si ya kitabuni

Mia ya Selsiasi ni mahali maji yanapochemka usawa wa bahari. Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuusukuma uzito wa hewa iliyo juu yake. Ukipanda mlima hewa inapungua, kifuniko kinakuwa chepesi, maji yanachemka mapema. Kisia hivi: kila mita 300 unazopanda, toa nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa mwenye kipimo cha Kimarekani, kila futi 500 hivi, toa nyuzi 1 ya Farenhaiti.

Mbamba Bay, mita 475: maji huchemka kwenye 98 na nusu hivi. Mbinga mjini: 95 na nusu. Kijiji kilichoko mita 1,900 juu, huko wakulima walikochimba mashimo ya ngoro kwenye miteremko: chini kidogo ya 94. Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895: 80 hivi.

Hili lina faida tatu za papo hapo. Ya kwanza ni maharage. Kinachoivisha ni joto, na povu peke yake haliivishi kitu. Maji yanayochemka kwenye 95 huivisha polepole kuliko ya 98. Mgeni wa kutoka mwambao asiwalaumu wenyeji kwamba wana maharage magumu. Loweka usiku kucha, funika vizuri, au tumia sufuria ya presha, ambayo kazi yake ni kurudisha ule uzito wa hewa uliouacha pwani.

Ya pili ni kahawa, na hapa mlima unatulipa. Waonjaji wa kahawa duniani humimina maji ya nyuzi 200 za Farenhaiti, yaani 93 za Selsiasi. Ukiwa Mbamba Bay, maji yakichemka epua, subiri dakika kama mbili ndipo umimine. Ukiwa Mbinga, epua, tafuta kikombe, mimina. Wamatengo wanaolima arabika wanaishi mahali ambapo birika lenyewe limekaribia kipimo cha waonjaji.

Ya tatu ni kukijaribu kipimajoto cha jikoni au cha maabara. Ukikitia kwenye maji yanayochemka Mbinga kikasoma 95 au 96, usikitupe, kiko sawa. Kikisoma 100, hapo ndipo ukitilie shaka. Jaribio la kuaminika zaidi ni barafu, maana kiwango cha kuganda hakijali mlima. Ponda barafu ujaze kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, subiri dakika tatu. Lazima kisome 0, au 32 kwa Farenhaiti. Ila onyo: kipimajoto cha homa usikiingize kwenye maji ya moto kamwe. Kimetengenezwa kuishia kwenye 42 au 43.

Uhusiano huu wa mlima na birika ulitumiwa hata kuchora ramani za nchi yetu. Wasafiri wa karne ya 19 walichemsha maji, wakasoma kipimajoto, wakapiga hesabu kujua wako juu kiasi gani. Waingereza Burton na Speke walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 vyombo vyao vizuri vilikuwa vimeharibika njiani, wakabaki na kipimajoto cha ovyo. Jibu lao lilikuwa futi 1,850 hivi, wakati ziwa liko juu zaidi ya futi 2,500. Kosa la futi kama 700 ni kosa la nyuzi moja na kitu tu za Farenhaiti, chini ya nyuzi moja ya Selsiasi, na likaingia kwenye ubishi mkubwa kuhusu chanzo cha mto Nile. Ni bora mtu asiyejua kuliko mwenye kipimajoto kibovu anachokiamini.

Mbinu ya 8: Jua pa kukadiria na pa kupima kikamilifu

Kwa mavazi na mazungumzo, kadiria. Kwa haya yafuatayo, pima:

- Homa. Kuanzia 38 za Selsiasi, yaani 100.4, ni homa. Kwapani husoma chini kidogo, kwa hiyo taja ulipompima. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika hapo, ni hospitali mara moja. Na kwa mwambao wetu wenye malaria, homa yoyote ni ya kupimwa damu siku hiyo hiyo, hata kama namba imeshuka.
- Mashine ya kutotolesha vifaranga. Yenye feni huwekwa 37.5, yaani 99.5. Anayetumia ule mkato wa “mbili na thelathini” ataiweka 105, ambayo ni zaidi ya 40 za Selsiasi, na trei nzima ya mayai itakufa. Maelekezo ya Kimarekani yakisema joto lisipande zaidi ya nyuzi 1, ni nyuzi 1 ya Farenhaiti, karibu nusu ya yetu.
- Oveni. Maelekezo ya keki ya kwenye simu yakisema 350, hiyo ni Farenhaiti. Weka 175 hadi 180. Oveni nyingi za Selsiasi hazifiki hata 300, na hilo peke yake lingekuonya.
- Kahawa kwenye vichanja. Iliyokwisha kumenywa na kuoshwa isipate joto kupita 40, yaani 104. Jua la saa sita likiwa kali, ifunike.

Binti wa Minnesota bado hupiga simu, na mtoto sasa anakimbia. Desemba iliyopita alisema kwamba siku hiyo hawakutoka nje, kulikuwa na thelathini tu. Zamani shangazi angemwonea wivu, maana thelathini ya Mbamba Bay watoto wanaruka ziwani. Safari hii aliitikia marahaba yake kwanza, akakaa vizuri kwenye kigoda, akauliza kama mtu anayeuliza saa ya Kiswahili au ya Kizungu:

“Thelathini za wapi, mwanangu?”